Gunia Chini ya Miguu ya Wanjala

Siku yangu ya kwanza katika depo ya mahindi ya serikali mjini Eldoret nilipewa ufagio kabla ya kalamu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na dada yangu, na viatu vya kuazima, kwa sababu barua ilisema nimeajiriwa kuwa karani wa mizani, na nilidhani karani ni mtu wa meza. Meneja wa Depo, mtu mrefu aliyetembea mikono ikiwa nyuma kama anayekagua gwaride, alinipeleka moja kwa moja mpaka kwenye mizani. Akainua bamba la chuma ambalo magunia hukaa juu yake, akanionyesha chini. Kulikuwa na vumbi, punje za mahindi, na panya aliyekauka.

"Ofisi yako inaanzia hapa," akasema. "Punje zikijaa chini, bamba linakwama. Bamba likikwama, wewe unasoma uongo kwa sauti ya serikali. Fagia."

Nikafagia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sikuwahi kuanza siku kwa jambo lingine.

Ninyi mnaopima kwa vioo vinavyowaka namba nyekundu hamtaijua mizani yetu, kwa hiyo niwaeleze. Bamba lake lilikuwa pana kama mlango. Pembeni kulisimama nguzo, na juu ya nguzo ukalala mkono wa shaba wenye alama za kilo. Ulisukuma kijiwe, uzito mdogo wa kuteleza, kwenye mkono huo polepole, kwa kidole kimoja, mpaka ncha ya mkono ikaelea katikati bila kugusa juu wala chini. Ikielea, ndipo unasoma. Mara moja kwa mwaka Mkaguzi wa Vipimo alikuja na mawe yake ndani ya sanduku lenye kitambaa cha buluu, akaipima mizani yenyewe, kisha akaifunga kwa waya na kipande cha madini ya risasi kilichopigwa muhuri. Nyuma yangu ukutani ilikuwa picha ya Rais. Meneja alipenda kusema kwamba sisi watatu, picha, muhuri na mimi, tulikuwa zamu moja.

Gunia la mahindi lilitakiwa kuwa na kilo tisini za nafaka. Lakini gunia tupu la mkonge nalo lina uzito wake, kilo moja. Basi nilisoma mkono wa shaba, nikatoa kilo moja kichwani, ndipo nikaandika. Wakulima walilijua hilo. Kila aliyesimama mbele yangu, awe na trekta tatu au na punda mmoja, aliniuliza swali lile lile: "Gunia umetoa?" Nami nilijibu, "Nimetoa." Msimu ukiwa mzito nililijibu swali hilo mara mia na zaidi kwa siku. Likawa kama amina kanisani: mdomo unasema, akili iko kwingine.

Watu wa pili niliokutana nao siku ile ya kwanza walikuwa makuli, wabebaji wa magunia, na mkubwa wao Mzee Makokha. Alikuwa mfupi, shingo imezama mabegani kwa kazi ya miaka mingi, na nyayo zake zilikuwa ngumu kama soli. Makuli walishusha magunia kutoka kwenye lori kwa kupita juu ya ubao mrefu, upande mmoja umeegemea lori na mwingine umekaa kwenye kizingiti cha ghala. Ubao ule ulikuwa wa mti mgumu, umelainishwa na miguu mpaka ukang'aa. Chini yake, katikati, Mzee Makokha alikuwa ameweka jiwe. Mtu mwenye gunia mgongoni akipita, ubao ulibonyea mpaka karibu na jiwe, na mzee akiwa amechutama pembeni alisema, bila kunitazama, "Themanini na nane. Huyu mkulima amepunja." Nikaliweka gunia kwenye mizani, nikasukuma kijiwe, nikatoa kilo moja. Themanini na nane.

Nilidhani ni bahati. Wiki nzima nikamwekea mtego. Nilichanganya magunia, nikapunguza debe hapa, nikaongeza pale, nikawaambia makuli wapite haraka. Alikosea mara mbili tu, na zote mbili alikosea kwa kilo moja. Nilipomuuliza anaonaje, alishangaa kwamba nauliza.

"Sioni, kijana. Nasikia. Ubao unalia. Tisini inalia hivi," akatoa sauti kooni, nzito, "na themanini inalia hivi. Wewe mzigo haujawahi kukulalia mgongoni, utasikia nini?"

Nimewasikia maprofesa wakizungumza, na maaskofu. Ni watu wachache wamenifanya nijione mdogo kama yule mzee aliyechutama kando ya ubao, akisikiliza uzito.

*

Sasa niwaambie ngumi ziliingiaje depo.

Miaka ile, Eldoret ilikuwa mji wa ndondi. Najua leo mkisikia jina la mji wetu mnafikiria wakimbiaji, lakini viwanda vyote vikubwa vilikuwa na klabu za ngumi, na Jumamosi za mapambano ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kabla ya pambano bondia lazima apimwe uzito, na asiyefikia au anayezidi hapigani. Ugomvi ulikuwa hapo. Kila klabu ilileta mizani yake, zile ndogo za kusimamia za bafuni, na kila mizani ilimpenda mwenyewe. Mwishowe Msimamizi wa Ndondi wa Mkoa akamwandikia Meneja barua: mabondia wapimwe depo, kwenye mizani yenye muhuri wa serikali. Meneja alikubali kwa fahari. Mimi nikawa, juu ya mahindi, karani wa mabondia.

Makuli wakapata sikukuu yao. Siku moja kabla ya pambano, mabondia wa mjini walipita depo baada ya kazi, na wakaombwa, kama heshima, wapite juu ya ubao. Wapenzi wa ndondi walikuja kutoka viwandani, sokoni, hata wanafunzi wachache wa shule za jirani, wakapanga mistari pande mbili. Bondia alivua viatu, akapanda lori, akatembea. Mzee Makokha alichutama. Ubao ukalia. Kisha akatangaza, na hapo mjadala ukaanza.

Mapema kabisa katika miaka ya themanini, Ijumaa moja ya msimu wa mahindi, aliyepita ubao alikuwa Wanjala.

Wanjala, mtu wa Bungoma, alifanya kazi katika chumba cha rangi cha kiwanda cha nguo. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko, rangi iliyoingia kwenye ngozi ikakataa kutoka, na alipokunja ngumi ungedhani amevaa glavu tayari. Kesho yake angepigana na bondia wa Nakuru katika uzani wa kilo sitini. Atakayeshinda angeingia timu ya mkoa na kwenda Nairobi, na huko timu kubwa zilikuwa zikiajiri mabondia wafanye kazi moja tu, kupigana. Kwa Wanjala hiyo ilikuwa njia ya kutoka chumba cha rangi. Alikuwa na kikohozi kilichoanzia mle ndani, na alikuwa na miaka ishirini na sita. Mlango wa pili hakuuona popote.

Tatizo lilikuwa mwili wake. Ulipenda kilo sitini na tatu. Ili auteremshe alikuwa hajanywa maji tangu Jumatano, anasukutua tu na kutema. Alipanda lori, akasimama mwanzoni mwa ubao, na watu wakanyamaza. Sijui niwaelezeje. Hakuna kilichobaki kwenye mwili ule ambacho hakikuwa na kazi. Ungeweza kuhesabu nyuzi za mabega yake. Alitembea kama mtu anayepita kanisani wakati wa maombi, na ubao ukalia kwa sauti nyembamba niliyoisikia hata mimi.

Mzee Makokha alipitisha vidole kati ya ubao na jiwe. Akafunga macho.

"Sitini," akasema. "Na hata punje moja haijazidi."

"Uongo!" akapaza sauti jamaa mmoja wa kiwanda cha mbao. "Tazama mapaja yale. Hayo mapaja peke yake ni kilo arobaini."

"Mapaja ni mfupa. Mfupa wa Bungoma hauko kama wako wa kula viazi."

"Wacha mambo ya viazi. Mimi nasema amefika uzani, lakini amefikaje? Mtu aliyekauka hivyo atamaliza raundi tatu?"

Mama Chebet, aliyeuza chai langoni na ambaye hakukosa pambano hata moja, alimsogelea Wanjala, akamshika kidevu kama mama anayekagua masikio ya mtoto.

"Angalieni midomo," akasema. "Imepasuka. Huyu maji yake yote yameisha. Akipanda ulingoni na kilo sitini hizi hizi, anywe chai yangu ya sukari saa sita, atampiga yule wa Nakuru mpaka asahau barabara ya kurudi. Lakini mkimtoa tena hata glasi moja, nawaambia, raundi ya tatu miguu itamwacha."

"Mama, wewe ni daktari?"

"Mimi nimefuga ng'ombe miaka thelathini. Ng'ombe mwenye kiu namjua akiwa mbali. Wewe hata mke wako akiwa na njaa huoni."

Wakacheka, hata Wanjala akacheka, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Niliondoka nikiwa na furaha nisiyoweza kuieleza. Watu wale hawakuwa na kitabu chochote, na walimsoma yule mtu kuanzia kisigino hadi mdomo.

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Eldoret inayofanya nyasi ziwe nyeupe. Magari ya wakulima yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, kwa sababu Jumamosi tulipokea mahindi hadi saa sita. Msimamizi wa Ndondi alifika na daftari lake. Mwenyekiti wa chama tawala wa tarafa naye alifika, akawekewa kiti mbele kabisa. Meneja alisimama kando yangu, mikono nyuma.

Bondia wa Nakuru alipimwa kwanza. Alikanyaga bamba na soksi zake, haraka. Kilo hamsini na tisa na nusu. Wakaandika.

Kisha akaja Wanjala. Alikuwa amevua kila kitu isipokuwa kaptula, hata soksi, kwa kuogopa uzito wa soksi. Alitetemeka mwili mzima. Aliweka kidole kimoja cha mguu kwenye chuma, akakirudisha kama aliyegusa moto.

Niliona huruma, na ndicho kisa chenyewe. Pembeni yangu kulikuwa na gunia tupu, safi. Nikalichukua, nikalikunja mara mbili, nikalitandika juu ya bamba. "Simama hapa," nikamwambia. Alinitazama kwa shukrani, akapanda. Nikasukuma kijiwe. Mkono wa shaba ukainuka, ukacheza, ukatulia.

"Sitini," nikasoma, "na gramu mia tisa."

Watu wakapiga kelele. Nikasukuma tena. Sitini na mia tisa.

"Amezidi," akasema Msimamizi. Hakusema kwa ubaya. "Sheria inampa saa moja. Apunguze, arudi. Asipofika, Nakuru anapita bila kupigana."

Wanjala hakubishana. Alivaa sweta tatu, na juu yake koti la mvua la kocha wake, akatoka mbio kuelekea barabara ya Pioneer. Nilimwona akitema mate kila hatua kumi, mate yasiyokuwepo.

Mzee Makokha alikuja mpaka kwenye meza yangu.

"Karani, mizani yako ni mgonjwa."

"Mizani ina muhuri, Mzee."

"Ubao ulisema sitini."

"Pengine usiku alikula."

"Alikula nini na mdomo ule?" akasema Mama Chebet nyuma yake. "Ulimi wake ulikuwa umeshikana na meno."

"Mama, mizani haina mshabiki," nikamjibu, kwa sauti ya Meneja. Niliona Meneja akitikisa kichwa kidogo, akinikubali, nami nikajisikia mkubwa.

Tukarudi kwenye mahindi. Gunia la kwanza, la pili, la tatu. Labda dakika ishirini zilipita. Mkulima wa nne au wa tano alikuwa mzee kutoka Chepsaita, mwenye kofia ya manyoya. Makuli waliweka gunia lake kwenye bamba, nikasoma, nikaandika. Naye akauliza, kama kila mtu:

"Gunia umetoa?"

"Nimetoa," nikasema.

Na macho yangu, sijui kwa nini, yakaenda chini. Lile gunia lililokunjwa mara mbili lilikuwa limetupwa kando ya nguzo. Lilikuwa bado na alama ya nyayo mbili.

Sikulitoa.

Kwa bondia hakukuwa na mazoea ya kutoa gunia. Kichwa changu kilijua kutoa gunia linalobeba mahindi, mara mia kwa siku. Gunia lililobeba mtu hakikuliona. Wanjala alikuwa kilo hamsini na tisa na gramu mia tisa. Alikuwa amefika. Ubao ulikuwa umesema kweli, na mimi, karani, nikiwa na muhuri na picha, nilikuwa nimemtuma mtu aliyekauka akakamue kilo ambayo ilikuwa yangu.

Nilimvuta Meneja kando, nikamwambia. Alitazama foleni ya matrekta. Akamtazama mwenyekiti wa chama kwenye kiti chake.

Lazima muielewe miaka ile ili mumwelewe. Mahindi yalikuwa siasa. Kusema mahindi yamepimwa vibaya kulikuwa karibu na kusema serikali imepima vibaya, na maneno kama hayo yalikuwa na masikio yanayoyasubiri. Karani aliyenitangulia alilalamikiwa barazani na mkulima mmoja, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamishiwa kaskazini, mahali ambapo mahindi hayaoti.

"Kijana atarudi baada ya saa," Meneja akasema polepole. "Utampima bila gunia. Atapita. Hakuna atakayejua. Unanisikia?"

"Anakimbia, Meneja. Anatoa jasho la bure."

"Nakuuliza, unaiona ile foleni? Ukisema umesahau gunia moja, kila mmoja wao atauliza, na langu? Mizani ikimkosea mmoja imewakosea wote. Mimi ndiye niliyekufundisha hilo."

"Ndiyo, Meneja. Ulinifundisha pia kwamba nisisome uongo."

Mpaka leo sijui alitaka nifanye nini. Alichofanya ni kuitoa mikono yake nyuma, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akajifuta nayo uso. Kisha akasogea hatua moja, akaniachia njia.

Nilipanda juu ya bamba la mizani. Miguu ilinitetemeka mpaka mkono wa shaba ukawa unagonga juu na chini, kla, kla, kla, na sauti hiyo ndiyo iliyowanyamazisha watu. Nikaliinua lile gunia.

"Wanjala hakuzidi," nikasema. "Alisimama juu ya hili. Sikulitoa. Makosa ni yangu, mizani haina makosa."

Mzee Makokha hakungoja nimalize. Alikwisha kurukia baiskeli, anaendesha kuelekea Pioneer akipiga kengele kama gari la zimamoto.

Na foleni ikauliza kile ambacho Meneja alisema itauliza. "Na yetu je?" Mzee wa Chepsaita alikuwa wa kwanza. Mwenyekiti wa chama akasimama kutoka kwenye kiti. Hapo Meneja akajitokeza mbele, akasema kwa sauti yake ya gwaride kwamba magunia yote ya asubuhi ile yatapimwa upya, moja moja, mbele ya wenyewe, na karani atasema kwa sauti kila anapotoa gunia. Tukafanya hivyo. Makuli waliyashusha kutoka kwenye safu, na mimi nikapaza sauti kila mara, "Natoa gunia! Natoa gunia!", watu wakicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kuitikia. Hakuna hata gunia moja lililokuwa na kosa. Mzee wa Chepsaita alinipa mkono. Mwenyekiti aliondoka bila kumuaga mtu.

Wanjala aliletwa amekaa nyuma ya baiskeli. Nilimpima kwenye chuma kitupu. Hamsini na tisa na gramu mia tatu. Gramu mia sita, glasi mbili za maji kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na hata kijiko. Mama Chebet alimshikia kikombe cha chai kama mtoto, na mikono ile ya buluu haikuweza kukishika.

"Hata glasi moja, nilisema," Mama Chebet alinung'unika, na hakunitazama.

*

Pambano lilikuwa saa nane mchana. Nimeona mengi, lakini kama raundi zile mbili za kwanza sijaona. Alipigana kama mtu anayejua kiasi gani kimebaki ndani yake, na ameamua hakitarudi naye nyumbani. Hakurusha ngumi moja ya bure. Yule wa Nakuru alikuwa mzuri, tena sana, lakini ngumi zake zilipiga hewa tu, na kila aliporusha nyingine alikuta mkono wa buluu umefika kwanza. Watu waliacha kupiga kelele. Ukumbi wote ulikuwa kimya, unasikia viatu vikisugua turubai. Kocha wa Nakuru mwenyewe alikuwa amefunika mdomo kwa taulo. Mzee Makokha, kando yangu, alikuwa amefumba macho, anasikiliza mbao za ulingo.

Katikati ya raundi ya tatu alifumbua macho.

"Zimebadilika," akasema.

Mimi sikuona kitu kwa sekunde kama kumi. Kisha nikaona goti la kushoto la Wanjala likichelewa. Hakuanguka. Hakuangushwa. Alisimama mpaka kengele, anapigwa na kurudisha, mikono bado ni ya bondia na miguu ni ya mtu mwingine. Waamuzi watatu walimpa Nakuru, wawili wakampa yeye.

Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekaa sakafuni, taulo kichwani. Nilikuwa nimetunga maneno mengi. Akainua mkono wake wa buluu.

"Karani," akasema, "niache nipumzike."

Jumatatu alirudi chumba cha rangi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye mizani na kupelekwa kuhesabu maturubai. Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo cha kununulia mahindi kule Chepsaita, chumba kimoja cha mabati, ambako nilikaa miaka tisa. Nilihudumu chini ya wasimamizi wa kituo wanne. Mmoja alikuwa mlevi, wawili waadilifu, na wa nne alikuwa Mkristo sana kiasi kwamba hakupenda kuonana na wakulima. Niliwafundisha makarani vijana kufagia chini ya bamba. Niliwafundisha kutumia mkuki, kile chuma chenye mfereji unachochomea gunia ili kutoa punje za katikati na kupima unyevu wake, kwa sababu mahindi mabichi nayo ni maji yanayojifanya chakula. Na niliwakataza kujibu "Nimetoa" kabla ya kutazama.

Mwaka wangu wa tano huko, Wanjala aliingia na mkokoteni. Alikuwa ameacha kiwanda, amekodi ekari mbili. Mikono yake ilikuwa imerudi rangi yake, isipokuwa kucha. Makuli waliweka gunia lake, nikasoma. Aliniuliza, kama kila mtu, uso wake hauna kitu:

"Gunia umetoa?"

Nilitazama chini. Nikatazama tena. "Nimetoa," nikasema. Alichukua risiti yake, akaenda. Alikuja kila msimu, aliuliza kila msimu, na sikuweza kujua kama ni ngumi au ni salamu.

*

Nilistaafu nikiwa nimerudishwa depo kubwa, kwenye mizani ile ile, wiki chache kabla haijatolewa ili iletwe ya umeme. Watu huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Najua wanataka niseme uaminifu. Mimi nilichofunzwa ni kustaajabu. Nilikaa maisha yangu yote nyuma ya chombo chenye muhuri, na mbele yangu walipita watu waliojua kwa masikio, kwa vidole, kwa kuangalia midomo ya mwenzao, mambo ambayo chombo changu kilihitaji waya na risasi ili kuyajua. Siku niliyohitaji kuwaamini, nilisimama na chombo. Nacho chombo hakikuwa na kosa.

Siku ya kuniaga, makuli waliniambia nivue viatu nipite ubao. Mzee Makokha alikuwa amekwisha fariki, na aliyechutama alikuwa mwanawe. Ubao ukalia. "Sabini na moja," akasema, na mabishano yakaanza, wengine wakisema tumbo langu peke yake ni madebe mawili. "Apimwe! Apimwe!"

Wanjala alikuwa kwenye foleni na mahindi yake, nywele zimeingia mvi. Alitoka, akaja mpaka kwenye mizani, na hakuna aliyemzuia. Ilikuwa asubuhi, na baridi ile ile. Nilipoinua mguu nikanyage bamba, alinishika bega.

"Ngoja, Karani."

Akachukua gunia tupu, akalikunja mara mbili, akalitandika chini ya miguu yangu, na kulilainisha kwa viganja vyake.

"Siku ile," akasema taratibu, nikamsikia mimi peke yangu, "tangu Jumatano hakuna mtu aliyekuwa amenihurumia. Wewe peke yako ndiye uliona nasikia baridi."

Nikasimama juu yake. Ilikuwa kweli, miguu ilipata joto. Alisukuma kijiwe kwa kidole kimoja, polepole, kama nilivyowafundisha wengi, mpaka mkono wa shaba ukaelea katikati bila kugusa juu wala chini. Akainama, akasoma.

"Sabini na mbili," akawatangazia watu. Kisha akanitazama, akasubiri.

"Toa gunia," nikasema.

"Natoa gunia," akasema Wanjala. "Sabini na moja."